Punguza gharama ya mbegu za mboga: msimu ujao unapangwa sasa



Wiki hii nimepigiwa simu na vijana watatu, wote wakiwa na swali moja: "Bwana shamba, mbegu imepanda bei, nifanyeje?" Wote watatu walikuwa wamesimama dukani wakati wananipigia. Sasa mtu aliyesimama dukani, kitalu kimeshaandaliwa na shamba limeshakodiwa, hana cha kujadiliana na mwenye duka. Atalipa tu. Gharama ya mbegu inapunguzwa miezi miwili au mitatu kabla, ukiwa umekaa nyumbani na daftari.

Naomba nianze na aibu yangu mwenyewe, maana wengi mnadhani bwana shamba hakosei. Miaka michache iliyopita nilikodi nusu eka bondeni, huku kwetu Morogoro, nikalima vitunguu. Sehemu ya mtaji nilikopa kwenye VICOBA yetu. Mbegu nilikuwa nayo tayari: msimu wa nyuma nilibakiza zaidi ya nusu kopo, nikaliweka juu ya kabati chumbani. Nyumba ya bati, haina dari. Nikajipongeza kwamba nimeokoa hela.

Mwanzoni mwa Mei nikasia. Siku ya 8 kimya. Siku ya 12 ikatoka miche ya kuhesabu kwa vidole. Nikajidanganya wiki nyingine nzima, namwagilia udongo mtupu. Nilipokubali yaishe, duka la karibu lilikuwa limeishiwa aina niliyoitaka, nikapanda basi hadi mjini na kununua kwa bei ya mtu mwenye shida. Nikasia upya mwishoni mwa Mei, miche ikaingia shambani katikati ya Julai badala ya katikati ya Juni. Vitunguu vilivyotakiwa kutoka Septemba vikakomaa mwishoni mwa Oktoba. Mvua za vuli zikavikuta shambani, shingo bado mbichi, na vingi vikaozea kwenye magunia. Mkopo nimeulipa kwa mshahara, miezi minne.

Kinachoniuma ni kwamba jaribio la uotaji nilikuwa nalifundisha kwenye vikundi mwaka huohuo. Mganga hajigangi.

Anza na siku ya kuuza, urudi nyuma

Wengi mnapanga kuanzia siku ya kupanda. Mimi nakushauri uanze na siku unayotaka kuingia sokoni. Tuseme unataka nyanya zako zianze kuvunwa wiki ya kwanza ya Desemba, ziuzwe hadi Krismasi. Nyanya nyingi huanza kuvunwa siku 75 hadi 90 baada ya kuhamisha miche, kutegemea aina na baridi ya mahali ulipo. Chukua 80: miche iwe shambani karibu na tarehe 12 Septemba. Miche hukaa kitaluni wiki nne, kwa hiyo unasia katikati ya Agosti. Kabla ya kusia unataka siku 10 za kujaribu uotaji, na siku nyingine za kutafuta mbegu nyingine kama hiyo imefeli. Maana yake mbegu ya nyanya ya Krismasi inanunuliwa Julai.

Julai hiyo dukani hakuna foleni. Unapita maduka mawili matatu unalinganisha bei, unaangalia tarehe ya mwisho wa matumizi, unaulizia aina unayoitaka hasa. Mbegu nyingi za chotara za mboga zinatoka nje ya nchi, na mzigo ukiisha katikati ya msimu mwenye duka atakupa kilichobaki na kukuambia "hii nayo ni nzuri". Kijana anayenunua siku ya kusia ananunua kilichobaki.

Hesabu mashimo

Muulize mkulima anahitaji mbegu kiasi gani, atakujibu kwa pakiti. Anza na mashimo. Eka moja ni mita za mraba 4,047. Nyanya ukizipanda kwa sentimita 90 kati ya mistari na 50 kati ya miche, kila mche unachukua mita za mraba 0.45, unapata mashimo kama 9,000. Ukitoa njia yatapungua kidogo, lakini tubaki na hiyo.

Tuseme mbegu yako inaota 90 kwa kila 100, na kwenye trei unapoteza mche mmoja kati ya kila 10 iliyoota. Gawanya 9,000 kwa 0.9, kisha tena kwa 0.9: unahitaji mbegu 11,111. Kwa pakiti za mbegu 1,000 ni pakiti 12. Mwenzako amesia kwenye tuta lisilo na kivuli, hajaweka neti, kinyausi kimempitia, amepoteza miche minne kati ya kila 10. Huyo kwa eka ileile anahitaji mbegu karibu 16,700, yaani pakiti 17. Kama pakiti ya chotara ni shilingi 60,000 (weka bei ya dukani kwako), tofauti ya pakiti tano ni shilingi 300,000. Trei na neti ni pesa, ndiyo, lakini zinatumika misimu kadhaa. Mbegu iliyokufa kitaluni haitumiki tena.

Kwa mbegu za kawaida zinazouzwa kwa gramu, kumbuka gramu moja ya nyanya ina mbegu kama 300. Mbegu 11,111 ni gramu 37 tu. Nimekuta vijana wananunua gramu 100 kwa eka moja "kwa usalama". Ile 63 inayobaki inakwenda juu ya kabati, kama yangu.

Zipi zinabakizwa, zipi hazibakizwi

Mbegu hazizeeki kwa mwendo mmoja. Vitunguu ndiyo wabaya wao: hata ukitunza vizuri, usitegemee zaidi ya mwaka mmoja, na karoti na bamia nazo usiziwekee matumaini marefu. Pilipili hoho miaka miwili hadi mitatu. Nyanya, kabichi na biringanya zikitunzwa vizuri zinafika miaka minne, matango hata mitano. Kwa hiyo kopo kubwa la bei nafuu ya nyanya linaweza kukusaidia misimu kadhaa, ila kopo kubwa la vitunguu ambalo hutalimaliza msimu huu ni hasara inayosubiri.

Maadui ni unyevu na joto. Kuna kanuni ya kukadiria tuliyofundishwa chuoni: unyevu ulio ndani ya mbegu ukipungua kwa asilimia 1, maisha ya mbegu yanaongezeka maradufu, joto la mahali ilipohifadhiwa likishuka kwa nyuzi 5 za Selsiasi, yanaongezeka maradufu tena. Sasa fikiria chumba cha bati saa nane mchana, na kopo ambalo limeshafunguliwa.

Chukua chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana. Kaanga mchele kidogo bila mafuta hadi uwe wa kahawia, uache upoe ukiwa umefunikwa, uweke chini ya chupa, juu yake kipande cha kitambaa, kisha mbegu zako kwenye bahasha ya karatasi. Mchele ule unavuta unyevu. Funga, andika aina, namba ya kopo, tarehe ya kununua na tarehe ya mwisho wa matumizi, uweke sakafuni kwenye kona yenye baridi, mbali na jiko. Mwenye friji asiweke mbegu kwenye karatasi tupu. Iwe chupa iliyofungwa, na ukiitoa subiri ipate joto la chumba kabla ya kufungua, la sivyo hewa ya nje itaacha maji juu ya mbegu. Zile zenye rangi ya dawa ziwe mbali na watoto na kuku.

Na kabla ya kusia mbegu yoyote iliyokaa, jaribu. Hesabu mbegu 100 bila kuchagua nzuri nzuri. Zitandaze kwenye tishu au kitambaa cha pamba chenye unyevu (kisichuruzike maji), kunja, tia kwenye mfuko wa plastiki, weka kivulini, angalia kila siku kama hakijakauka. Nyanya hesabu siku ya 8, vitunguu siku ya 12. Zikiota 80 na kuendelea, sia kama kawaida. Kati ya 60 na 80, ongeza kiasi kwa hesabu ile ya juu. Chini ya 50 mimi natupa, kwa sababu hata zile zinazoota hutoa miche dhaifu, na shamba la miche dhaifu linakula dawa na mbolea sawa na shamba zima. Jaribio hili lingenigharimu mbegu 100 na kipande cha tishu.

Kuvuna mbegu mwenyewe

Hapa vijana wengi wanapotea. Pakiti iliyoandikwa F1 ni chotara. Mbegu utakayokamua kwenye tunda lake itaota vizuri tu, tatizo linakuja baadaye: mimea haifanani, matunda hayafanani. Kuna kijana kwenye kata yangu alipanda robo eka ya mbegu alizokamua kwenye nyanya za chotara. Mengine marefu, mengine bapa, mengine laini yanapasuka. Mnunuzi alipekua matenga mawili tu akageuza gari. Chotara nunua kila msimu, na hesabu yake uifanye kwa trei.

Zile za kawaida, ambazo wauzaji huziita OPV, ndizo unazoweza kujivunia mbegu kwa shamba lako. Kwenye nyanya kuna Tanya, Tengeru 97, Cal J na Rio Grande. Panga mapema, usisubiri mabaki ya mwisho wa mavuno. Wakati mimea inachanua, pita shambani uifunge utepe kama 20, ile yenye afya, iliyo katikati ya shamba, isiyo na majani yaliyojikunja wala madoa. Chukua matunda ya kishada cha pili na cha tatu, yaive kabisa. Karibu ndoo moja ya lita 20 inatosha mbegu za eka. Kamua kwenye chombo cha plastiki bila kuongeza maji, acha kivulini siku mbili hadi tatu, koroga kila siku. Ute ukiachia, ongeza maji, mwaga zinazoelea, osha zilizozama, anika kwenye neti kivulini. Usianike kwenye bati juani, utazipika.

Ngogwe ni rahisi zaidi, subiri tunda liwe jekundu kabisa. Bamia iache ikauke juu ya mti. Mchicha acha kona moja itoe mashuke, ila ng'oa mchicha pori wote uliokuwa karibu, vinginevyo vitachanganyika. Matango na maboga nyuki wanachanganya sana, usijaribu kama jirani amepanda aina nyingine. Kabichi achana nayo, inahitaji baridi ya muda mrefu ili itoe maua. Hata vitunguu, ambavyo lazima upande tena kiazi chake ndipo kitoe mbegu, waachie wenye uzoefu.

Kumbuka pia kwamba kujivunia mbegu kwa shamba lako ni tofauti na kuziuza. Biashara ya mbegu inaongozwa na Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na msimamizi ni TOSCI. Ukitaka kuingia huko, kuna utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa kwa wakulima wadogo waliosajiliwa. Njoo ofisini tuongee.

Nunueni pamoja

Gramu moja kwenye kopo kubwa ni nafuu kuliko gramu moja kwenye pakiti ndogo, hilo mnalijua. Vijana wanne mnaolima kitu kimoja mnaweza kununua kopo moja lililofungwa, lenye lebo ya TOSCI, mkaligawa siku hiyohiyo kwa mzani. Kila mmoja apige picha ya lebo. Hii ni bora mara kumi kuliko kununua mbegu inayopimwa kwa kifuniko cha soda kutoka kopo lililofunguliwa siku usiyoijua. Mbegu ya namna hiyo ikifeli huna namba ya kopo, huna risiti, huna pa kuanzia kulalamika.

Kwenye daftari, kwa kila zao, andika: mbegu ulizosia, zilizoota, miche iliyofika shambani, na ulichouza. Msimu ukiisha utajua kama asilimia yako ya kupoteza ni 10 au 40, na hesabu ya mashimo utaifanya kwa namba zako, si zangu.

Mimi mwaka huu nimebakiza hoho na Tanya. Mbegu 100 za kila moja ziko kwenye tishu tangu jana jioni. Tanya nitazihesabu Alhamisi ijayo, hoho nitazipa wiki mbili kwa sababu zinachelewa kuota. Vitunguu vilivyobaki nimempa jirani aliyekuwa anasia wiki hiyohiyo.