Dawa Itokayo Udongoni

Kila mtu wa Zirai aijua harufu ya udongo mvua inapoanza kunyesha baada ya kiangazi. Wengi hudhani kuwa ni harufu ya udongo wenyewe, lakini sivyo. Harufu ile hutengenezwa hasa na bakteria waishio ardhini, na hao pamoja na jamaa zao ndio mafundi wa dawa nyingi tupewazo hospitali. Leo napenda kueleza jinsi wanavyozitengeneza, na mfano wangu ni dawa moja tu, rifampisini, itumikayo kutibu kifua kikuu.

Sababu ya kuichagua dawa hii ni mjomba wangu. Mwaka jana aliugua kifua kikuu, akaambiwa atumie vidonge kwa miezi sita, wala asishtuke akiona mkojo umekuwa wa rangi ya machungwa, kwani hiyo ni rangi ya dawa. Baada ya miezi miwili kikohozi kilikwisha, akarudi shambani. Nilipokuja likizo akaniambia, "Mpwa wangu, mimi nimepona. Vidonge vya nini tena?" Sikuwa na jibu. Niliporudi shuleni nikamwuliza mwalimu wetu wa Baiolojia, nikasoma na vitabu. Jibu nililolipata ndilo hili.

Mwaka 1957 wataalamu wa maabara ya Lepetit, mjini Milan, Italia, walichunguza udongo uliotoka katika msitu wa misonobari karibu na Saint-Raphaël, kusini mwa Ufaransa. Ndani yake walikuta bakteria ambaye siku hizi huitwa Amycolatopsis. Alikuwa akitoa kitu kiuacho bakteria wengine, nao wakakiita rifamisini.

Bakteria hana mikono wala zana. Kazi zake hufanywa na vimeng'enya, yaani protini ziharakishazo mabadiliko ya kikemia. Sisi nasi tunavyo. Tafuna kipande cha muhogo uliochemshwa kwa muda, utaona kinaanza kuwa kitamu, kwa kuwa kimeng'enya cha mate huvunja wanga kuwa sukari. Kimeng'enya hicho huvunja; vile vya bakteria wetu hujenga.

Hujengaje? Tukumbuke siku ya msaragambo, wanakijiji wanapojenga darasa. Watu hujipanga mstari, na tofali hupita mkono kwa mkono. Kwa bakteria huyu mstari ni protini tano kubwa mno, zenye vituo kumi kwa jumla. Kazi huanza na kipande kimoja chenye umbo la pete. Kila kituo hupokea mnyororo kutoka kituo kilichotangulia, huongeza kipande kidogo cha kaboni, hukirekebisha ikihitajika, kisha huupitisha mbele. Baada ya kituo cha kumi, kimeng'enya kingine huunga ncha mbili za mnyororo, umbo likawa kama kikapu na mkono wake. Hapo tena huja vimeng'enya vya kumalizia: hiki huongeza oksijeni, kile kikundi kidogo cha kaboni.

Mpango huu ulifahamika vizuri mwaka 1998, jeni zake ziliposomwa. Wataalamu walipoiharibu jeni ya kile kimeng'enya kinachounga ncha, bakteria alitoa minyororo mirefu na mifupi isiyokamilika, na dawa haikupatikana. Kazi iliyokatizwa njiani haikuwa dawa.

Hata hivyo, rifamisini ya kwanza ilikuwa hafifu, na ile iliyoifuata haikufaa kumezwa, ila kwa sindano. Wanakemia wa Milan wakaendelea kuibadilisha pale bakteria alipoishia, na mwaka 1965 wakapata rifampisini, imezwayo kwa kidonge. Dawa hii huingia ndani ya bakteria wa kifua kikuu na kunata kwenye kimeng'enya kinachonakili maagizo ya jeni zake. Maagizo yasiponakiliwa, hatengenezi protini, naye hufa. Basi, dawa iliyojengwa na vimeng'enya huua kwa kuzuia kimeng'enya.

Nchi yetu ina sehemu yake katika habari hii. Zamani mgonjwa alitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu, na wengi waliacha njiani. Kuanzia mwaka 1970, wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki katika majaribio ya matibabu ya miezi sita. Matokeo yalitangazwa mwaka 1972: waliopewa rifampisini pamoja na dawa nyingine, ni wachache sana waliougua tena. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, akisaidia Dakta Karel Styblo, na nchi nyingi zimejifunza kutoka mpango huo.

Sasa nilikuwa na jibu la mjomba. Kikohozi hukoma kwa sababu bakteria wengi wamekufa, lakini wachache hubaki wamelala, na dawa huwafikia polepole. Tena katika mamilioni yao huenda akawapo mmoja ambaye kimeng'enya chake kina umbo tofauti kidogo, rifampisini isiweze kunata. Dawa zikitumika pamoja, hii isipomwua ile humwua. Zikitumiwa leo na kuachwa kesho, huyo huponea, huzaana, na mgonjwa huwaambukiza wengine ugonjwa usiosikia dawa.

Nilimwandikia barua, nikamweleza mfano wa msaragambo. Shangazi aliniambia baadaye kuwa alisomewa mara mbili, akanyamaza, kisha akaomba maji ya kumezea vidonge. Mwezi wa sita ulipokwisha alipimwa, akaonekana amepona.

Ndugu wasomaji, kama nyumbani kwenu yuko atumiaye dawa hizi, msaidieni amalize. Bakteria wa udongoni haruki kituo hata kimoja katika kuijenga. Nasi tusiruke siku hata moja katika kuimeza.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne