Kilo zimepungua: namna gani zisirudi?

Ndugu mfanyakazi, mwenzetu mmoja wa karakana aliacha bukari kwa miezi minne. Alikula sombe, lengalenga, ndagala na mikebuka ya ziwa letu, mayai, karanga kidogo. Mkate wa asubuhi, sukari ya chai na pombe aliviweka kando. Mizani ya dispanseri ilikuwa imeonyesha kilo 94; ikashuka mpaka 83. Magoti yakapona, na mshipi ukaingia matundu mawili.

Kisha jirani akapata kilio. Mwenzetu alikula bukari siku mbili, kama watu wote, na Jumatatu mizani ikasema 85. Akaniambia: «Muganga, kazi yote imeharibika.» Akarudia chakula chake cha zamani chote. Mwaka haukuisha, akawa na kilo 96.

Alikosea wapi? Si kwa kula bukari ya kilio. Alikosea kusoma mizani.

Mwili unaweka akiba ya sukari inayotoka katika bukari, wali na viazi. Akiba hiyo iko ndani ya maini na misuli, karibu nusu kilo kwa mtu mzima, na kila gramu inashika gramu 3 hivi za maji. Ukiacha bukari, akiba inakwisha na maji yake yanatoka. Ndiyo sababu juma la kwanza kilo zinakimbia. Ukila tena, maji yanarudi. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni jambo lingine: ili kuipata, sharti ule zaidi ya kilo 2 za unga mkavu juu ya chakula kinachokutosha. Nani amekula hivyo katika siku mbili? Basi kilo 2 za kilio zilikuwa maji, hasa.

Hatari ya kweli inakuja polepole. Mtu wa kilo 83 hatumii chakula kingi kama alipokuwa na 94, lakini njaa yake imeongezeka. Huko Melbourne, Australia, waganga walipima damu ya watu 50 waliopunguza uzito. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Mwaka mmoja baada ya kupungua, alama za njaa katika damu zilikuwa bado zimebadilika. Kwa hiyo ukisikia njaa usijione mlegevu. Ujue tu kwamba itakaa nawe muda mrefu, na upange chakula utakachoweza kula miaka, si miezi.

Je, tuache bukari siku zote? Sioni lazima. Mwaka 2018 chuo cha Stanford, Marekani, kilitoa matokeo ya watu zaidi ya 600 waliofuatwa mwaka mzima. Waliopunguza vyakula vya unga na sukari walipoteza kilo 6, waliopunguza mafuta kilo 5.3: karibu sawasawa. Bukari haina sumu, na anayebeba na kuchimba anaihitaji. Irudishe kwa kipimo: tonge moja kubwa kama ngumi yako, saa sita, na sombe nyingi pembeni. Kaa hivyo majuma mawili, tazama mizani, ndipo uongeze kama unaweza.

Mama wa nyumba, hapa nakuomba wewe. Sombe isiogelee katika mawese. Gramu moja ya mafuta ina nguvu mara mbili na zaidi ya gramu ya unga. Na wewe baba, chupa kubwa moja ya bia inakaribia kalori 300, sawa na gramu 85 za unga. Siku ya mshahara chupa 4 ni bukari nyingine ambayo hukuiona kwenye sahani.

Halafu kuna watu. Hapa Kalemie mwanaume akikonda, wanauliza kama ni mgonjwa, au kama bibi yake hapiki. Mama mkwe anaongeza tonge. Wajibu bila hasira kwamba umepunguza kwa kutaka. Lakini wana haki kidogo: ukikonda bila kujaribu, na una kikohozi, au kiu na kukojoa sana, njoo upesi tutafute kifua kikuu au ugonjwa wa sukari. Sisi wa kazi ya vumbi hatuchezi na kikohozi.

Neno kwa wenye ugonjwa wa sukari wanaomeza glibenklamide au kujidunga insulini: msipunguze wala kurudisha bukari kabla ya kuonana na muganga, kwa maana kipimo cha dawa lazima kitazamwe upya. Chakula kikipungua na dawa ikibaki ile ile, sukari ya damu inaanguka: jasho, kutetemeka, macho kuona giza. Juu ya ngazi au kwenye mashine, hiyo ni ajali. Ukisikia hivyo, simamisha kazi, keti, kunywa maji yenye sukari nyingi, mwite kapita.

Wanaofaulu wanafanya nini? Marekani kuna daftari lililoanzishwa mwaka 1994 la watu waliopunguza kilo 13 au zaidi na kukaa hivyo mwaka mzima au kupita. Wengi wao wanajipima angalau mara moja kwa juma, na wanatembea au kufanya mazoezi karibu saa moja kila siku. Wewe unayeketi kwenye mashine kutwa, rudi nyumbani kwa miguu.

Jiwekee mpaka: kilo 3 juu ya uzito wako mpya. Ukiupita majuma mawili mfululizo, rudia chakula cha mwanzo mpaka ushuke. Usingoje ziwe 10. Mizani iko kwenye baraza ya dispanseri, na haihitaji tikiti. Njoo siku ile ile kila juma, kabla ya kula, na uvue buti kwanza.