Jezi ya Arsenal: Nguo ya msaada iliyogeuka mali

MASHABIKI wa Arsenal, ambao nchini Kenya wamejaa tele mijini na vijijini, huitambua jezi ya timu yao hata kwa mbali: kifua chekundu, mikono myeupe. Hata hivyo, si wote wanaofahamu kwamba wekundu huo ulitokana na msaada, na kwamba mikono myeupe ilikuja miaka 47 baada ya klabu kuasisiwa.

Arsenal ilianzishwa mwaka wa 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Royal Arsenal kilichokuwa Woolwich, kusini mashariki mwa London. Jina lake la kwanza lilikuwa Dial Square, ambalo lilikuwa la karakana moja kiwandani humo.

Miongoni mwa wafanyakazi hao walikuwemo waliowahi kuichezea Nottingham Forest, akiwemo kipa Fred Beardsley. Kwa kuwa timu yao changa haikuwa na sare, waliomba msaada kwa Forest, nayo ikawatumia jezi nyekundu pamoja na mpira.

Forest yenyewe ilikuwa imechagua rangi hiyo mwaka wa 1865 kwa heshima ya Giuseppe Garibaldi, mpiganaji wa Italia ambaye wafuasi wake walivaa mashati mekundu. Hivyo basi, rangi ya wanamapinduzi wa Italia ikawafikia mafundi wa silaha wa Uingereza kupitia kwa wanasoka.

Wekundu wa enzi hizo ulikuwa umekolea, ukikaribia rangi ya damu ya mzee. Mwaka wa 1906 klabu ya Sparta ya Prague iliiga rangi hiyo baada ya rais wake kuvutiwa na Arsenal, na hadi leo inaivaa.

Mikono myeupe

Mageuzi makubwa yaliletwa na Herbert Chapman, aliyeteuliwa kuwa kocha mwaka wa 1925. Agosti 1928 vijana wake walicheza dhidi ya Sheffield Wednesday wakiwa na nambari mgongoni, jambo lililokuwa geni wakati huo. Nambari hazikufanywa kuwa lazima katika ligi ya Uingereza hadi 1939.

Machi 1933, katika mechi dhidi ya Liverpool, Arsenal ilijitokeza kwa mara ya kwanza ikiwa na mikono myeupe na wekundu uliong'aa zaidi. Masimulizi kuhusu asili ya wazo hilo hutofautiana. Moja husema kwamba Chapman alimwona mtu aliyevaa sweta nyekundu isiyo na mikono juu ya shati jeupe. Lililo wazi ni kwamba alitaka timu yake itofautiane na klabu nyingine zilizovaa nyekundu tupu.

Chapman alifariki Januari 1934, lakini kazi yake ilidumu. Isipokuwa kati ya 1965 na 1967, klabu iliporudia nyekundu tupu, na msimu wa 2005/06 ilipovaa rangi ya kale ili kuuaga uwanja wa Highbury iliouhamia mwaka wa 1913, mikono myeupe imesalia kuwa kitambulisho cha Wanabunduki.

Jezi ya manjano nayo ina historia yake. Arsenal iliilaza Liverpool katika fainali za Kombe la FA za 1950 na 1971 ikiwa katika rangi hiyo. Mwaka wa 1989, ikiwa katika manjano tena, iliichapa Liverpool 2-0 ugani Anfield na kutwaa ubingwa wa ligi.

Biashara na siasa

Mwaka wa 1981 jina la kampuni ya JVC liliandikwa kifuani, na tangu wakati huo jezi ikawa bidhaa. Kampuni ya ndege ya Emirates ilichukua nafasi ya kifua mwaka wa 2006, klabu ilipohamia uwanja unaobeba jina la kampuni hiyo.

Januari 2022 Arsenal ilivaa nyeupe tupu katika mechi ya Kombe la FA, kama sehemu ya kampeni ya kupinga mauaji ya vijana kwa visu jijini London. Wapinzani wao siku hiyo walikuwa Nottingham Forest, waliowapa wekundu huo hapo awali.

Kwa wakazi wa Afrika Mashariki, sehemu iliyozua mjadala zaidi ni mkono wa kushoto. Mwaka wa 2018 Rwanda iliingia mkataba wa kuweka maneno "Visit Rwanda" hapo ili kuvutia watalii. Wakosoaji walihoji sababu ya nchi inayopokea misaada kuifadhili klabu tajiri. Serikali ya Rwanda ilijibu kwamba utalii ungerudisha fedha hizo.

Mjadala uliwaka upya mapema mwaka wa 2025, waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma. Serikali ya Kongo, inayoishutumu Rwanda kwa kuwasaidia waasi hao, iliitaka Arsenal ivunje mkataba huo. Rwanda imekanusha madai hayo. Baadhi ya mashabiki pia waliandamana kuupinga, na Novemba 2025 ilitangazwa kwamba ushirikiano huo ungekoma msimu wa 2025/26 utakapomalizika.

Kwa hiyo jezi iliyoombwa na mafundi wasio na sare imekuwa nguo ambayo serikali hulipa ili jina la nchi lionekane juu yake. Shabiki anayeivaa hana usemi katika mikataba hiyo, lakini ndiye anayeitembeza barabarani.