Mlio wa Viputo Vinyweavyo

Mawimbi ya sauti yenye mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde hayasikiki na sikio la binadamu. Yakielekezwa yote mahali pamoja, kama lenzi ikusanyavyo mwanga wa jua, nguvu yake hapo huwa kubwa mno. Yakipita majini, shinikizo hupanda na kushuka. Nalo lishukapo sana, maji hutatuka na viputo huzaliwa. (Viputo, wala si povu: povu ni viputo vingi vilivyoshikana vikaelea juu.)

Kiputo hiki hakipasuki kama cha sabuni. Shinikizo lirudipo, maji hukimbilia katikati, kiputo hunywea kwa ghafula, na hewa iliyobanwa ndani yake hukifutua tena kwa kishindo. Hesabu za kunywea huko zilifanywa na Lord Rayleigh mwaka 1917, kwa ajili ya rafadha za meli zilizokuwa zikilika.

Mwaka 1952 Esche, mtaalamu wa Ujerumani, alionyesha jambo la ajabu: pamoja na mlio uliopelekwa majini, ulisikika mwingine wenye nusu ya mitetemo yake. Huo hauwezi kuwa mwangwi, kwani mwangwi hurudisha kile kile ulichopewa. Sababu imo katika ukubwa wa kiputo. Kilichofutuka sana huchelewa kunywea. Wimbi moja hupita kingali kipana, la pili ndilo likifumbalo. Basi mawimbi yakiwa 600,000 kwa sekunde, vishindo huwa 300,000. Na nguvu ikizidi, kiputo hungoja wimbi la tatu, vishindo vikawa 200,000. Picha za kamera ya kasi kutoka Uskoti, zilizotangazwa mwaka 2014, zilionyesha vishindo hivyo vikipatana na mlio wenyewe.

Kwa tabibu wa ubongo hili si jambo dogo. Yeye hangoji maji yatatuke; viputo vidogo hutiwa katika damu, ili mtikisiko wake ulegeze kuta za mishipa na dawa ipenye. Mwaka 2015 madaktari wa Toronto walikuwa wa kwanza kumfanyia mgonjwa hivyo bila kupasua fuvu. Viputo hivyo havionekani, bali husikilizwa. Mlio safi wa nusu huonyesha kwamba vinafutuka na kunywea kwa utaratibu. Mvumo wenye mitetemo ya kila namna huonyesha kwamba vinavunjika ovyo, na mishipa yaweza kuchanika. Anayeyaita yote mawili kelele amepoteza tofauti yenyewe itafutwayo. Mvumo ukianza, nguvu ya mawimbi hupunguzwa papo hapo.