Neno Likatwalo Kichwa: Juu ya Zaburi na Kwaya Katika Bonde la Kilombero

Walimu wenzangu mnaoimbisha kwaya, nanyi mapadre mnaozisikiliza kila Dominika, nawaletea jambo moja la lugha. Laonekana kuwa dogo, nami nililipita miaka mingi bila kuliona, mpaka bibi mmoja asiyejua kusoma aliponionyesha.

Kwanza yafaa kusema habari za mahali, kwa ajili ya wasomaji walio mbali. Bonde la Kilombero limelala kati ya milima ya Udzungwa upande mmoja na nchi ya juu ya Mahenge upande wa pili. Mto wenyewe katika ramani za zamani huitwa Ulanga; huteremka mpaka kukutana na Luwegu, na hapo ndipo uzaliwapo Rufiji. Wakati wa masika mto hutoka katika kingo zake na kuenea nyikani, na maji hayo ndiyo yaupayo mpunga uhai, nayo ndiyo yawatiayo watu hofu. Wenyeji ni Wandamba, Wapogoro, Wambunga na wengine waliowafuata. Injili ililetwa na Wabenedikto wa St. Ottilien, waliofungua misioni ya Kwiro karibu na Mahenge mwaka 1902. Baada ya vita vya kwanza vya dunia kazi ikashikwa na Wakapuchini kutoka Uswisi, waliofika Tanganyika mwaka 1921. Jimbo la Mahenge likasimamishwa mwaka 1964, na kutoka kwake Jimbo la Ifakara mwaka 2012.

Wamisionari hao walileta pamoja na katekisimu nyimbo za kwao, na maneno ya Kiswahili yakavikwa tuni za Kijerumani. Shida ya kwanza ya vazi hilo walimu wengi waijua. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila kukosa. Lakini tuni nyingi za Ulaya humaliza mstari kwa pigo zito, hata silabi ya mwisho ikabebeshwa mzigo usio wake, na jina la Mungu likaimbwa kana kwamba uzito wake uko katika -ngu. Mara nyingi sikio husamehe. Lakini mjue kwamba mkazo waweza kugeuza hata maana: barabara yenye mkazo katika silabi ya tatu ni njia, na yenye mkazo katika silabi ya pili ni sawasawa. Padre Stephen Mbunga (jina lisimpoteze msomaji, yeye alikuwa wa upande wa Songea, si wa Ifakara) alichapa mwaka 1963 kitabu kizima juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, na mwaka huohuo, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya Liturujia, ukitaka muziki wa mataifa upewe heshima yake, na maneno ya nyimbo yachotwe hasa katika Maandiko Matakatifu. Tangu hapo watu wa kwetu wametunga nyimbo nyingi wenyewe, na habari ya mkazo imetengenea kwa sehemu kubwa. Lakini shida ya pili imebaki, nayo imezidi kwa sababu ya utunzi wetu wenyewe. Hiyo ndiyo nitakayo kuisema.

Miaka kadhaa iliyopita nilitunga wimbo kwa Zaburi ya 46, ambayo kwa hesabu ya Vulgata ni ya 45. Ni ile itajayo nchi inayotikisika na maji yenye kishindo, kisha ikautaja mto ulio furaha ya mji wa Mungu. Niliipenda kwa sababu ya maji hayo. Nilidhani, zaburi hii imeandikwa kwetu. Basi sauti ya kwanza na ya pili nikawapa neno hatutaogopa, likipanda. Besi nikawangojesha mapigo mawili, kisha wakaingia kwa chini wakirudia mkia wa neno: tutaogopa, tutaogopa, mara nne, wakishuka kama watu wateremkao ngazi. Ulikuwa mzuri sana. Tukauimba Dominika moja ya Kwaresima, masika imekwisha anza, Lumemo umejaa na Kilombero wenyewe umepanda.

Baada ya Misa bibi mmoja aliningoja nje ya mlango. Tukaamkiana, akauliza habari za nyumbani, kisha akasema, "Mwalimu, mwanangu, kina mama leo wamesema vizuri. Mbona kina baba wamekataa?"

Nikamwuliza, "Wamekataa nini, Bibi?"

"Kina mama wamesema hatutaogopa. Kina baba wakajibu, tutaogopa. Tena hao ndio wenye mitumbwi." Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Mjukuu wangu bado yuko ng'ambo."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba ni mtindo wa muziki, naye akaitikia kwa adabu, akaenda zake. Jibu hilo lilinikera njia nzima, kwa maana nililijua kuwa si jibu.

Tulitazame neno lenyewe. Katika Kilatini kikanushi non husimama peke yake, na nicht ya Wajerumani vivyo hivyo. Mtunzi akitaka kurudia, ataliona neno hilo mbele yake, atalishika au ataliacha kwa kujua. Kwetu kukanusha hakusimami peke yake. Ni silabi moja nyembamba iliyoshikamana na kichwa cha kitendo, wala mkazo hauipati kamwe katika neno refu, kwa kuwa mkazo uko mwishoni. Mtunzi arudiapo mkia wa neno ili kupata mwangwi, silabi hiyo ndiyo ya kwanza kuanguka, na kinachobaki si kipande kisicho na maana bali ni neno zima, zuri, lenye maana iliyo kinyume. Hatutakufa huacha tutakufa. Hakuna huacha kuna. Msiogope, neno la malaika kwa wachungaji usiku wa Noeli, huacha ogope.

La hatari zaidi ni si- ya nafsi ya kwanza. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba hapo hakuna neno, kwani sitakufa likikatwa huacha takufa, nalo si Kiswahili sanifu. Ni kweli, si sanifu. Lakini watu husema hivyo kila siku! Takuja kesho, takupa jioni, maana yake nitakuja, nitakupa. Na washairi wa pwani wamelitumia umbo hilo tangu zamani. Basi tazameni Zaburi ya 118, ambayo Kanisa huiimba Dominika yenyewe ya Pasaka, na ndani yake limo neno hilo sitakufa. Kwaya ikirudia mkia, siku ya Ufufuko watu wanasimama mbele ya altare na kutangaza, takufa, takufa. Na katika Zaburi ya 23, ya mchungaji mwema, sitapungukiwa hugeuka kuwa tapungukiwa.

Wengine husema, watu wanaelewa tu, maana ya wimbo mzima yajulikana. Besi wangu nao walinijibu hivyo, tena kwa ukali, kwa kuwa ile ngazi ya kushuka ilikuwa sehemu yao peke yao iliyosifiwa parokia nzima. Lakini nadhani hoja hiyo yafaa Ulaya kuliko kwetu. Mzungu asikiaye sauti nne husikia kitambaa kimoja kilichofumwa kwa nyuzi nne. Mtu wa bonde amelelewa katika desturi nyingine. Katika sangula ya Wapogoro, na katika ngoma na kazi za pamoja, mmoja huanzisha na wengi huitikia. Na neno la waitikiaji ndilo neno la watu, ndilo lithibitishalo au kulikataa la mwanzishi. Hata hadithi ya jioni haiendelei bila wasikilizaji kuijibu. Kwa hiyo sauti iingiayo nyuma, iliyo nzito, ya wanaume wengi, haisikiwi kama uzi. Husikiwa kama jibu. Bibi hakukosea hata kidogo. Alisikiliza kwa kanuni za kwao, na kwa kanuni hizo wimbo wangu ulikuwa mabishano, nao besi walishinda.

Nikaona kwamba kosa lilianza kabla ya nota. Sisi tulikuwa na desturi ya kujifunza sauti kwanza kwa do re mi, kisha kubandika maneno juu yake, na mara tuni ikishikwa tunakwenda nyumbani. Hakuna aliyeisoma zaburi. Nami nilikuwa nimeisoma kama fundi aangaliaye mbao, kuona wapi patakatika vizuri. Na ile hati ya Roma ya mwaka 1967 juu ya muziki mtakatifu yasema wazi kwamba waimbaji wapewe malezi ya liturujia na ya roho pamoja na mafunzo ya muziki. Nilikuwa nimeisikia, wala sikuitenda.

Basi tukabadili utaratibu. Siku ya kwanza ya mazoezi ya juma hatugusi nota. Somo lenye kuhusika na wimbo husomwa polepole, mara mbili, tunanyamaza, kisha mmoja hulieleza kwa lugha ya nyumbani kwao, Kindamba au Kipogoro au Kimbunga, na wengine humsahihisha. Mwanzoni walicheka, wengine wakaona haya. Lakini mtu hawezi kuitia zaburi katika lugha ya mama yake bila kujua kama mwandishi anakubali au anakanusha.

Tulipofika Zaburi ya 46 tuliisoma pamoja na sura ya 47 ya Ezekieli, maana liturujia yenyewe huziweka pamoja, Jumanne ya wiki ya nne ya Kwaresima, na tena tarehe 9 Novemba, sikukuu ya kutabaruku Basilika la Laterani. Nabii huona maji yakitoka chini ya hekalu, nayo yapimwa: kwanza ya vifundo, kisha ya magoti, kisha ya kiuno, mwishowe mto usiovukika kwa miguu. Hapo hapakuwa na haja ya mfasiri! Watu wetu hupima mafuriko kwa vipimo hivyohivyo. Wakaanza kutaja miaka, na nyumba ya nani ilifikiwa mpaka wapi. Mvuvi mmoja, mwimbaji wa besi, akasema maneno niliyoyaandika jioni ileile: kwamba zaburi haisemi maji yatapungua, yasema tu nani yuko pamoja nasi yakiwa yamejaa. Mwingine akakumbusha kwamba kwa Ezekieli penye maji hayo pana samaki wengi, na kwamba kwetu pia maji yaletayo hofu ndiyo yaletayo samaki, na udongo mwema wa mpunga. Tulikaa mpaka taa ikapungua mafuta. Sijui mahubiri niliyoyasikia juu ya zaburi ile yaliyozidi yale.

Ndipo besi wenyewe wakaomba sehemu yao ibadilishwe. Nimejaribu njia tatu. Ya kwanza ni kurudia neno zima, hatutaogopa, hata kama laongeza mapigo. Ya pili ni kuwapa besi neno jingine kabisa, jina la Mungu au neno kimbilio, walishike chini kama nguzo. Ya tatu naipenda zaidi, nayo imetoka katika ngoma: kina mama waimbapo hatutaogopa, besi huitikia "La!" kwa nguvu, kisha wakalirudia neno zima. Ngazi ya kushuka imebaki, ila sasa yaanza na La. Bibi aliusikia wimbo mpya mwaka uliofuata. Hakuniambia neno, lakini nilimwona akiimba upande wa besi.

Imebaki habari ya mashamba, nayo yahusu jambo hilihili. Kuanzia kulima mpaka kuvuna, familia nyingi huhamia kwenye mashamba ya mpunga yaliyo mbali, wakilala katika vibanda na kuwinga ndege na kufukuza nguruwe kutoka juu ya madungu. Daraja la Kilombero, lililofunguliwa rasmi mwaka 2018, limepunguza taabu ya kivuko, lakini halikuyaleta mashamba karibu. Kwaya hupungua nusu, hasa wanaume, na Pasaka huangukia katikati ya majira hayo. Zamani niliwanung'unikia watoro. Sasa kabla hawajaondoka kila mmoja hupewa karatasi yenye masomo ya Dominika zijazo na kiitikio cha wimbo wa katikati, kimoja kimoja. Huko hawana sauti nne wala kinanda. Mara nyingi hawana padre. Hukusanyika jirani kwa jirani, mmoja husoma, mmoja huanzisha kiitikio, na wasiojua kusoma hukishika kwa kusikia mara moja. Na kwa kuwa wanaimba sauti moja, hakuna mkia unaokatwa.

Zaburi ya 23 bado inanishinda. Sitapungukiwa ina silabi sita, na nimewapa sauti zote nne neno zima. Wimbo umekuwa mrefu mno, na paroko amekwisha kuniambia mara mbili kwamba matoleo yamefika altareni nasi bado tuko penye maji ya utulivu. Mwenzangu aliyepata njia nyingine na aniandikie.