Reli Yetu ya Sanduku za Samaki



Wengi wenu mliona vipande vya bati na sanduku za samaki nyuma ya klasi yetu, mkauliza: mnajenga nini? Tunajenga mfano mdogo wa njia ya gari la moshi ya Kisangani–Ubundu. Hapa Vitshumbi tunajua mitumbwi na malori, reli hatuna. Kwa hiyo ilitupasa kutafuta habari kwanza, ndipo tushike nyundo. Tunawaeleza vile tulivyofanya.

Jambo la kwanza: juu ya nini reli ilijengwa pale? Mto Lualaba, ukikaribia Kisangani, unaanguka katika maporomoko saba ya Boyoma. Masua haiwezi kupita. Basi kompani ya CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902, ilijenga reli ya km 125 kuyakwepa maporomoko; ilifunguliwa mwaka 1906. Toka Ubundu mizigo ilipanda masua mpaka Kindu, zaidi ya km 300. Halafu reli tena, Kindu mpaka Kongolo, km 355. Reli ilikuwa msaidizi wa mto.

Sisi hatukufahamu hiyo. Tulichora reli moja tu toka Kisangani mpaka Kindu. Mzee mmoja mvuvi, aliyekaa zamani Ubundu, aliangalia mchoro wetu akacheka: «Watoto wangu, na masua iko wapi?» Tukafuta kazi ya juma mbili. Ilituuma, lakini tungewadanganya.

Jambo la pili ni kipimo. Tulichagua 1 kwa 50. Nafasi katikati ya vyuma viwili ilikuwa m 1. Kwetu inakuwa cm 2. Vizuri. Lakini km 125 gawanya kwa 50, unapata km 2,5! Reli yetu ingetoka klasini, ikaingia ziwani kwa viboko. Ndiyo maana tunajenga Ubundu peke yake: pale reli inapoisha na masua inapongoja.

Jambo la tatu: majina na miaka. Katika vitabu vya zamani Kisangani ni Stanleyville, na Ubundu ni Ponthierville. Asiyejua majina hayo atafungua kitabu bure. Tena, reli ya Kindu ilipanuliwa mwaka 1955 kufika mm 1067, lakini ile ya Ubundu ilibaki na m 1. Picha ya huku isichanganywe na ya kule.

Jambo la nne lilileta mabishano. Reli hii ilijengwa wakati wa utawala wa Léopold II, uliokoma mwaka 1908, na wakati ule watu walishurutishwa kazi kwa nguvu. Wengine kati yetu walitaka mashine na mabehewa tu, juu ni mazuri kwa macho. Mwisho tulipatana: tutaweka pia watu wa udongo, wenye kubeba vyuma mabegani. Reli bila mikono iliyoilaza ni uongo, hata ukiipaka rangi nzuri.

Ndugu, wazee wenye kukumbuka wanatuacha kila mwaka. Mwenye babu aliyesafiri njia hiyo amuulize leo, siyo kesho. Aandike jina la mahali na mwaka, atuletee. Mwenye waya au misumari midogo pia asituonee haya.



Wanafunzi wa mwaka wa nne