Sushi ya mtaani Tokyo: Unalipia jicho la mnunuzi wa alfajiri

MFANYABIASHARA wa Afrika Mashariki anayefika Japani kufuata magari yaliyotumika huwa amejiandaa kwa mnada, ukaguzi na gharama za meli. Asichojiandalia ni mwaliko wa chakula cha jioni. Wakala wake akitamka neno sushi, mawazo huwa mawili: samaki mbichi na bili.

Tuanze na bili, maana ndiyo inayotisha zaidi.

Migahawa ya sushi haiko daraja moja. Ipo ya mkanda unaozunguka na sahani, wazo la Yoshiaki Shiraishi aliyefungua mgahawa wa kwanza wa aina hiyo Osaka mwaka 1958 baada ya kuona mkanda wa kiwanda cha bia. Hapo unakula, sahani zinahesabiwa, unalipa. Ipo ya Ginza, ambako mtu mmoja anaweza kulipa yen 30,000 na zaidi, tena baada ya kusubiri nafasi kwa wiki kadhaa. Katikati ipo ile Wajapani wanayoiita 'machizushi', sushi ya mtaa, na wakala anayekujali atakupeleka huko.

Unapita chini ya pazia fupi la mlangoni na kukuta kaunta ya mbao yenye viti vinane au kumi, kabati la kioo lenye samaki waliopangwa, na mpishi ambaye mara nyingi ndiye mwenye mgahawa. Hakuna anayekudai tai. Majirani wanapiga soga, mzee wa pembeni anakunywa chai yake taratibu. Hata hivyo, usidanganywe na utulivu huo ukadhani ni bei ya mama lishe. Baadhi ya samaki kwenye orodha hawana bei kabisa. Limeandikwa neno moja tu, 'jika', yaani bei ya siku.

Aliyewahi kununua samaki soko la Feri, Dar es Salaam, hatashangaa. Bahari ikichafuka, vibua hawauzwi kwa bei ya jana.

Samaki wengi wa Tokyo hupitia soko la Toyosu, lililochukua nafasi ya Tsukiji mwaka 2018. Jodari hupigwa mnada alfajiri. Mpishi wa mtaani kwa kawaida hashindani kwenye mnada huo. Ananunua kwa mchuuzi wa jumla ambaye wamezoeana kwa miaka. Wachuuzi hao wana utaalamu wao: huyu jodari tu, yule kamba, mwingine samaki wa magamba. Mchuuzi anajua nani anataka nyama yenye mafuta na nani mfuko wake haufiki. Siku akimpa samaki hafifu, mpishi anaumbuka jioni ileile mbele ya majirani zake, kwa sababu samaki mbichi hana bizari wala nazi ya kumfichia. Sehemu kubwa ya bili yako inalipia uhusiano huo.

Zile habari za jodari mmoja mwenye kilo 278 aliyeuzwa yen milioni 333.6 kwenye mnada wa kwanza wa mwaka 2019 zisikutishe. Ile ilikuwa zaidi ya yote bei ya kutangaza jina.

Lipo jambo jingine ambalo wasafirishaji wetu watalielewa haraka kuliko wapishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndege za mizigo za Japan Airlines zilipeleka bidhaa za Japani Amerika Kaskazini, kisha zikarudi na nafasi tupu. Mfanyakazi wake, Akira Okazaki, alitumwa kutafuta mzigo wa kurudia. Akaupata Canada: jodari wakubwa wa Atlantiki waliovuliwa kwa mchezo, wengi wakiishia kutupwa. Mwaka 1972 wakaanza kufika Tokyo kwa ndege. Mwenye lori linalorudi tupu kutoka Lubumbashi anajua maumivu yaliyozaa biashara hiyo.

Hata salmoni mbichi anayependwa leo ni matokeo ya muuzaji mvumilivu. Wajapani walimpika, wakihofia minyoo ya salmoni wa Pasifiki. Norway, yenye salmoni wa kufugwa, ilifanya kampeni kuanzia miaka ya 1980 hadi akakubalika kwenye kaunta.

Kwa hiyo hofu yako ya samaki mbichi si ushamba. Wenyewe walikuwa nayo. Isitoshe, sushi maana yake si samaki mbichi. Msingi wake ni wali uliotiwa siki. Mkunga hupikwa, pweza na kamba mara nyingi huchemshwa, yai hukaangwa, vibua hukolezwa chumvi na siki kwanza. Mgeni anaweza kula akashiba bila kugusa kibichi, mradi aseme mapema. Mwislamu naye amwombe wakala aulize kwa simu kabla ya kwenda, kwani baadhi ya sosi huchanganywa na pombe ya mchele. Kulisema jambo hilo ukiwa umeshaketi ni kumpa mpishi mtihani.

Kuagiza, usihangaike. Ukisema 'omakase' umemwachia mpishi achague, na wakala aulize bei yake mapema. La sivyo, agiza seti. Migahawa mingi ina tatu, na baadhi huziita msonobari, mwanzi na ploma, kuanzia ya juu kushuka. Ya kati haimwaibishi mtu, iwe mwenyeji au mgeni.

Vijiti vikikushinda, tumia mkono. Sushi ya kufinyangwa ilikuwa chakula cha vibandani Edo, Tokyo ya zamani, na mkono una haki yake. Chovya upande wa samaki kwenye sosi ya soya, si wali, maana utasambaratika. Tangawizi ni ya kusafisha kinywa kati ya kipande na kipande. Kipande kikiwekwa mbele yako, kile; mazungumzo ya bei ya gari yasubiri, kwa sababu wali huo umefinyangwa ukiwa na uvuguvugu wa kiganja, na ukipoa umepoteza ulicholipia.

Bakshishi haipo. Ukiacha sarafu kaunta, huenda mhudumu akakukimbilia nje akurudishie.